Neno la Siri la Mdogo Wangu

Soko la korosho lilipoachiwa wanunuzi binafsi, ofisi yetu ya ushirika wa wakulima Masasi ikaletewa kompyuta. Mimi, mchapaji wa siku nyingi, nilidhani itakaa mezani kwangu. Wapi! Akapewa mdogo wangu wa kiume, ambaye kazi yenyewe nilimwombea mimi. Wivu ulinikaba, sifichi. Kila walipomwita fundi, nilipiga mashine yangu ya chapa mpaka karatasi inatoboka.

Akaingiza wakulima wote kwenye jedwali la kompyuta, kila mtu na mikorosho yake, akalifunga kwa neno la siri. Msimu wa kugawa salfa, dawa ya mikorosho, ulipofika, neno akalisahau. Bila jedwali la kuonyesha nani apewe mifuko mingapi, ghala halifunguliwi, na maua ya mikorosho ya mama kule Lupaso yalishaanza kuwa meupe kwa ugonjwa wa ubwiri unga. Meneja akasema lisipofunguka siku hiyo, kijana arudi shamba, kompyuta nichukue mimi.

Roho yangu kwatu. Mdogo wangu akajaribu jina la mkewe, la mwanawe, la kijiji, jasho linamtoka. Mimi nikawa namtazama tu. Halafu nikamwona mama nje kwenye foleni, mfuko mtupu ameukunja kwapani. Wivu ni wivu, lakini mama ni mama.

Lilibaki jina moja ambalo hakulijaribu, lile la utotoni. Kwetu mvulana akitoka jandoni anarudi na jina jipya, na la zamani halitajwi tena. Ukimwita nalo umemtukana yeye na ukoo wake; kwa siri, hakuna neno linalofaa zaidi. Wanafundishwa kulisahau, na huyu alifundishika vizuri mno. Mimi nilimbeba mgongoni kwa jina hilo. Nikawaomba watu watupishe kidogo, nikainama, nikalibonyeza herufi moja moja. Kwenye kioo zilionekana nyota tu. Jedwali likafunguka.

Akakakamaa. "Dada, umenitaja."

"Sijakutaja. Nimeandika."

Meneja aliporudi alimkumbatia yeye, akamwambia kozi ya Dar es Salaam ni yake. Mimi akaniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye meza ya watu. Ningesema nimelifungua mimi, angetaka kujua kwa neno gani. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa, hapumui.

"Nilikuja kumsalimia fundi wako," nikasema.