Imla ya Mwalimu Siwema

Usiku ule, nauita usiku kwa sababu ndivyo mwili wangu ulivyouhesabu, nje kulikuwa na jua la saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uhudumu. Nikafunga pazia, nikalala bila hata kuvua soksi. Mwalimu Siwema akaja, naye alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Nilikuwa darasa la pili, kwenye dawati langu la zamani, magoti yangu ya mtu mzima hayaingii chini yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Akaingia na chaki yake, sote tukasimama tukamwamkia: shikamoo mwalimu. Tukangoja aseme marahaba, kaeni. Hakuitikia, kwa hiyo hatukukaa. Wenzangu wakaanza kupungua mmoja mmoja, mpaka nikabaki peke yangu nimesimama, naogopa.

"Imla," akasema. "Sheria yangu unaijua."

Naijua. Mwalimu Siwema alikuwa akisoma sentensi mara mbili tu. Ukiikosa ya pili, hata ulie machozi ya damu, ya tatu haipo.

Nachukua kalamu. Ananisomea, nasikia kila neno, lakini mkono wangu unaandika neno moja tu, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko mzuri alionipa yeye mwenyewe: Ametulia. Ametulia. Ametulia.

Hilo ni neno letu la kazini. Mwalimu aliletwa kwetu kumbukumbu zikiwa zimempotea, akawa anaamka alfajiri kuitafuta shule yake, na mara mbili alikutwa getini. Msimamizi akaagiza afungwe mikono kwenye chuma cha kitanda kwa vipande vya shuka. Alisema vitanda ni thelathini na wahudumu ni wawili, mzee akianguka nani atajibu? Kwenye kitabu cha zamu tuandike ametulia, maana wakaguzi wakija husoma kitabu. Nikaandika. Wanasema ulimi hauna mfupa; kalamu yangu nayo haikuwa nao. Siku moja napita na beseni, akaniita kwa jina, yeye ambaye hata bintiye hakuwa akimtambua. "Zuhura, nifungue." Nikamwambia narudi sasa hivi. Sikurudi. Alikufa na vidonda mgongoni, na siku hiyo pia niliandika ametulia.

Darasa sasa lina vitanda. Sikuona lilivyogeuka. Pananuka mkojo na dawa ya sakafu, na Mwalimu amelala karibu na dirisha, mikono imefungwa, anaendelea kuisomea dari imla yake. Nakimbia kumfungua. Nafungua fundo, nyuma yake kuna jingine, nalo nikilifungua kuna jingine, mpaka kucha zinaniuma. Halafu nayatambua. Ni mafundo ya kufungia kuku wa kwenda sokoni, niliyofundishwa na mama, na pale kazini hakuna mwingine anayeyajua. Msimamizi aliagiza tu. Aliyefunga ni mimi.

Nainua uso nimwombe radhi. Aliyelala si yeye. Ni Mzee Kondo wa kitanda cha tisa, fundi cherehani wa zamani, aliye hai, ambaye asubuhi hiyohiyo nilimwacha amefungwa kwa sababu alikuwa anang'oa vifungo vya shati lake. Mwalimu amesimama nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nanusa chaki yake.

"Nifungue," akasema. "Hiyo ni mara ya pili."

Nikaamka. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, nilikuwa nimeulalia. Saa saba mchana, na zamu yangu ni ya saa mbili usiku. Sikuoga, nikarudi kazini. Msimamizi aliniuliza nafuata nini saa zile, nikampita.

Mzee Kondo alikuwa vilevile nilivyomwacha, viwiko vimekakamaa, shuka limelowa. Fundo lilikuwa langu, likafunguka kwa mvuto mmoja tu. Hilo ndilo lililoniliza. Nikamwambia shikamoo mzee, nikasimama pale kungoja. Alivitazama viganja vyake kwa muda mrefu, akavigeuza huku na huku, ndipo akasema marahaba.

Nikachukua kitabu cha zamu. Chini ya ametulia yangu ya asubuhi nikaandika: "Si kweli. Mzee Kondo alifungwa mikono kitandani, hakubadilishwa shuka. Nilimfunga mimi kwa agizo la msimamizi. Mwalimu Siwema naye tulimfanyia hivihivi mpaka akafa." Nikaupiga picha ukurasa.

Msimamizi aliusoma amesimama, akaniuliza kama nina kazi nyingine ya kwenda. Sina, na niliogopa. Nikamwomba asome mara ya pili, maana ya tatu atasomewa na afisa ustawi wa jamii.