Siku Shangazi Alipokaa Chini Kwenye Makumbusho

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi hapa Bunia, mwanangu, shangazi yangu alipokaa chini sakafuni, katikati ya vitu vya makumbusho ya taifa, mbele ya watu wote, akakataa kusimama. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, nimevaa kitenge kipya ambacho hakijafuliwa hata mara moja, na nilikuwa karibu kuolewa.

Nakuandikia hasira ingali moto, sitakuficha. Jana nimetoka shuleni kwenu. Nimeona magoti yako, Furaha, na alama za changarawe juu yake. Umeniambia ulimuuliza mwalimu kwa nini mwezi unaonekana mchana. Siku ya kwanza akakujibu kwamba mwezi umepotea njia. Siku iliyofuata ukamuuliza tena, akasema si mwezi, ni wingu. Ukamkumbusha jibu la jana. Basi akakupigisha magoti kwa sababu ya ukaidi. Nilimwambia wazi, bila kukaa kwenye kiti alichonipa: ungesema haujui, mutoto angekwenda kucheza. Akaniambia mama, unaharibu mutoto. Nikatoka kabla sijasema maneno ambayo ningelazimika kumwungamia padri.

Sasa kaa, nikueleze kile kichwa chako umekitoa wapi. Hautaelewa yote leo. Utakuja kuyasoma ukiwa mkubwa.

Shangazi Akiiki alikuwa dada mkubwa wa babu yako. Akiiki ni jina la heshima la kwetu, na mtaa mzima wa Rwambuzi ulimwita hivyo, hata wale ambao hawakuwa wa kwetu. Aliuza maziwa. Alfajiri wachungaji walishuka kutoka milimani na bidoni zao za maziwa, naye aliwangoja barabarani amejifunga kitambaa kichwani, kikombe mkononi. Alikuwa na namna yake ya kununua. Anamuuliza mchungaji: haya mumekamua wakati gani? Mchungaji anajibu. Kisha shangazi anaacha maziwa kabisa, anauliza habari za mke, za mvua, za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa juzi. Halafu, kama mama mzee aliyesahau, anauliza tena: ulisema mumekamua wakati gani? Mwenye kujibu lile lile, shangazi ananunua kwake. Mwenye kusema sijui, nimepewa njiani na mkubwa wangu, ananunua pia, lakini kwanza anaonja. Mwenye majibu mawili anaambiwa asante, salimia nyumbani. Hakugombana na mtu.

Mwaka huo watu wa makumbusho walikuja kutoka Kinshasa na masanduku, wakapanga vitu katika salle, ukumbi mmoja mkubwa wa mtaa wa Lumumba, ili sisi wa mbali nasi tuone mali ya taifa. Musée imefika, ndivyo mji mzima ulivyosema. Na mmoja wa waliokuja nayo alikuwa mtoto wa hapa hapa, wa mtaa wa Bigo. Jina lake Musafiri. Alikwenda kusoma Kinshasa akiwa na kaptula, akarudi na abacost ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, viatu vinavyong'aa, na Kilingala kinachotiririka. Yeye ndiye aliyetembeza watu. Wajomba zake walikuwa wamekwisha kuja kwetu mara moja, na baba alikuwa amekubali kuwapokea rasmi Jumapili iliyofuata, ili waseme walilokuja kusema.

Mimi? Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka Bunia kwa roho. Nilijiona niko ndani ya ndege. Wasichana wa darasa letu walikuwa wakinisalimia tofauti.

Lakini kwetu msichana hatoki nyumbani kabla dada ya baba hajamtazama mwanaume. Baba alitaka Musafiri aitwe kula. Shangazi akakataa. Akasema, "Kwa meza mama yake atamufundisha namna ya kukala. Niache nimuone kwa kazi yake." Kisha asubuhi hiyo, tukiwa njiani kwenda Lumumba, aliniuliza bila kunitazama kama ninamtaka. Nikajibu haraka: ndiyo, anajua vitu vingi sana. Akasema vizuri, akaanza kunieleza habari za paa lake linalovuja.

Tuliingia na kundi la wanawake wa mtaani kwetu, pamoja na wasichana wa shule. Ziara yenyewe ilikuwa fupi, maana foleni nje ilifika barabarani na kila kundi lilipewa muda mdogo. Meza zilifunikwa vitambaa vya kijani, na kamba ilipita mbele ili mtu asiguse. Musafiri alitusalimia vizuri. Alimwinamia shangazi, akamwita mama, akamuuliza habari ya safari kama kwamba Rwambuzi ni Ulaya. Wanawake wakanong'ona. Moyo wangu ukajaa.

Akaanza kututembeza, fimbo nyembamba mkononi. Alikwenda mbio. Hii ni ya ibada. Hii ni ya ufalme. Hii walipiga wakati wa vita. Kila alipogusa kwa fimbo, jibu lilikuwa tayari. Kulikuwa na vinyago, visu vya mpini wa pembe, kinanda cha nyuzi chenye kichwa cha mtu, magome ya mti yaliyochorwa mistari myeusi. Nilipenda magome yale. Nilitaka kubaki hapo, lakini fimbo ilikwisha kufika meza nyingine.

Karibu na mlango palikuwa na meza ya vitu vya nyumbani. Kiti kimoja kifupi cha miguu mitatu, kimelainika katikati kwa kukaliwa. Fimbo ya kutembelea imeegemezwa pembeni. Kiko cha tumbaku, na kikombe cha mti. Ungesema mwenyewe ametoka nje kidogo. Shangazi akasimama hapo, akauliza kwa heshima mwenye kiti alikuwa nani. Musafiri akasema bila kusita kwamba kilikuwa cha chifu mmoja mkubwa, alikufa zamani, na watoto wake wakakitoa zawadi kwa taifa. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza kuhusu baridi ya Kinshasa, kama iko. Akamuuliza bibi yake wa Bigo anaendeleaje na miguu. Tukazunguka salle yote, na kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa ule ule, tukarudi tena mbele ya kiti.

Hapo nikajua. Mimi niliyekua nikimwona akinunua maziwa, nikajua kabla hajafungua kinywa, na nikaomba Mungu amzuie.

"Baba," akasema, "hiki kiti ulisema ni ya nani?"

Musafiri alikuwa akitazama foleni. Kundi lingine lilikuwa likisukumana mlangoni. Akasema kiti hakikuwa cha mtu, kilinunuliwa kipya kwa fundi ili kuonyesha kazi ya mikono, hakuna aliyekikalia.

Shangazi akavuta kitenge chake vizuri, akakaa chini. Pale pale, sakafuni, miguu ameinyoosha mbele.

Watu wakadhani ameanguka. Wawili wakaja kumwinua, akawaambia yeye ni mzima. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ya kuulizia bei, "Pale kwanza ulisema mwenye kiti alikufa. Kama alikufa, na vitu yake iko hapa imepangwa, siye wanawake tunakala chini, ni heshima. Sasa unasema haina mutu. Kama haina mutu, nitasimama. Niambie moja, nijue kama nakala ao nasimama."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Mama mmoja mzee wa kwetu akafikiri kidogo, akaketi karibu naye, akasema yeye hawezi kubahatisha mbele ya marehemu. Wa tatu akamfuata. Hapo ndipo watu wa mlangoni walipoanza kuuliza ni matanga ya nani, na wasichana wa darasa letu wakaziba midomo kwa mikono. Musafiri alitoa jasho. Akasema mama, ni musée, si matanga. Shangazi akamwambia anaelewa, anangoja tu jibu.

Aibu iliyonipata, mwanangu, siwezi kuipima. Nilimvuta kitenge begani. Nikamwambia shangazi simama, unaniaibisha.

Akanigeukia polepole. "Weye unaona haya ya nini? Ni mimi niko chini. Weye umesimama, viatu yako iko safi. Ulisikia majibu mbili kama mimi, na uliyojifunza kwa masomo ni kufunga kinywa?"

Hilo lilinichoma. Lakini ningeweza kulimeza. Nimemeza makubwa kuliko hayo. Kilichobadilisha maisha yangu ni Musafiri. Alinisogelea, akatabasamu kwa ajili ya watu, akaniambia chini chini:

"Musimamishe shangazi yako. Na weye ujue, ukifika kwangu, hii mambo ya kuniuliza-uliza mbele ya watu itabaki hapa Bunia."

Aliyasema bila hasira. Ndilo lililoniogopesha. Aliyasema kama mtu anayenionyesha mlango wa jikoni. Nikaona nyumba yake yote kwa mara moja: kamba mbele ya vitu, fimbo inapita, hii ni hii, hii ni ile, na mimi nyuma yake nikifuata mbio, kila jibu likiwa tayari hata siku lisipokuwa la kweli, hata siku mtoto ana homa na hakuna anayejua ni homa gani.

Nikaachia kitenge cha shangazi. Nikakunja changu, kile kipya, nikakaa chini kando yake.

Hakuniangalia. Alisogea kidogo tu, kunipa nafasi.

Mkubwa wa watu wa makumbusho akaja, mzee wa miwani, amesikia kelele. Alimwuliza shangazi kuna nini, naye akamrudishia swali lile lile. Yule mzee akakitazama kiti muda mrefu. Akasema, "Hatujui, mama. Kilitufikia bila jina. Tunaona tu kwamba kuna mutu alikikalia sana." Shangazi akamnyooshea mkono, naye akamwinua. "Asante, baba. Sasa nimejibiwa." Mlangoni shangazi akaninong'oneza kwamba kama huyo angekuwa kijana, angenipa kwake siku hiyo hiyo bila kungoja Jumapili. Nilikuwa nalia, nikacheka.

Njiani hakunisema. Alizungumza juu ya paa, juu ya mchungaji mmoja aliyeongeza maji. Tulipofika karibu na kwetu, akauliza tena, kama mzee aliyesahau: ulisema unamtaka?

Nikasema, "Sijui."

Akanishika mkono mpaka mlangoni.

Kwa baba alisema maneno machache: kijana anafanya kazi, ni msafi, lakini hajui kusema hajui, na mtoto naye anaomba tungoje. Baba alikasirika. Alimwambia dada yake kwamba amenichomea bahati kwa ajili ya kiti cha miguu mitatu. Wajomba wa Musafiri hawakupenda kungoja. Akaoa kwingine. Sijasikia kwamba alikuwa mtu mbaya, na sitamsingizia. Pengine mwenzangu huyo aliyeolewa naye anapenda kutembezwa. Mimi nisingeweza.

Na baba yako, alipokuja yeye, shangazi alimuuliza kwa nini babu yake alihama kijiji. Akasema mama, sijui, nitakwenda kuuliza. Kesho yake akarudi na matope mpaka magotini, amekwenda kuuliza kweli. Wewe umezaliwa kutokana na matope hayo.

Basi shauri langu ni hili, na nalisema mimi mwenye hasira, si mzee mwenye mvi. Uliza. Mtu akikutembeza haraka, simama. Akikupa majibu mawili, hauna haja ya kumtukana, mwulize tu tena kwa adabu, na umtazame anavyokujibu. Wakicheka, wacha wacheke, utakuwa umekaa na mmoja au wawili waliofikiri kama wewe. Na siku wewe mwenyewe utakapoulizwa na mdogo wako, au na mtoto wako, na haujui, sema haujui kabla ulimi haujatafuta uongo mzuri. Usikubali mwanaume, mwalimu, wala mama yako akupigishe magoti kwa sababu ya swali. Hata mimi. Siku nyingine nitachoka nitakuambia nyamaza. Nikumbushe karatasi hii.

Shangazi Akiiki alituacha mwaka ambao wewe ulianza kutembea. Tulikaa chini, wanawake wote wa Rwambuzi, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni kwa nini. Mimi nilichukua kiti chake kidogo, kile alichokalia barabarani akingoja maziwa. Ndicho unachokalia wewe jikoni jioni ukila. Kigeuze, mwanangu. Chini yake nimechora jina lake kwa msumari, herufi kubwa, zimepinda kidogo maana mti ulikuwa mgumu na mimi nilikuwa nalia. Siku mtu atakapokuuliza kiti hiki ni cha nani, hautabuni.

Mungu akuponyeshe magoti, Furaha. Akupe watu wasioogopa maswali yako, na akuzeeshe ukiuliza. Na popote utakapokaa chini kwa ajili ya ukweli, akupe mtu wa kusogea kidogo, akupe nafasi.