Arbuni ya Mzigo wa Iddi

Dalia alikuwa ofisini Posta, chai haijapoa, alipogundua alichokisahau.

Kazi yake ni kuandika programu za kupanga bei. Maktaba ya programu aliyoikuta pale ilikuwa na darasa mama, yaani kiolezo cha kurithiwa na programu nyingine, la mikataba ya hiari: mtu analipa kidogo leo, anapata haki ya kununua baadaye kwa bei ya leo, akighairi, hicho kidogo kimepotea. Dalia akajiuliza, hii si ndiyo arbuni yetu ya Kariakoo? Akaandika darasa mtoto, akaliita Arbuni. Mtoto hurithi kila kitu cha mama isipokuwa kile utakachokiandika upya, na yeye alisahau kuandika upya siku ya kuchukua mzigo. Darasa mama linamruhusu mteja siku ya mwisho tu. Mteja wa Kariakoo anakuja siku yoyote anayotaka.

Ingekuwa majaribio asingehangaika. Lakini asubuhi ile baba yake, Mzee Abdulla, muuza vitambaa wa jumla Mchafukoge, alikuwa akiitumia programu hiyo kumpangia mteja wake Theophil arbuni ya mzigo wote wa Iddi. Siku ya mwisho inaangukia baada ya sikukuu, vitambaa vimeshashuka bei, kwa hiyo programu ingeiona haki hiyo haina thamani na kutoa arbuni ya kutupa. Na Theophil si mjinga. Angekuja kabla ya Iddi, bei ikiwa juu, aubebe mzigo kwa bei ya leo. Kaka yake Dalia, Hussam, aliyekwishasema duka haliendeshwi na kompyuta ya msichana, angepata la kusema mpaka uzeeni.

Akampigia baba simu, haikupokelewa. Akapanda bodaboda kwenda dukani, akiomba Theophil awe mtu wa kuchelewa.

Alimkuta baba peke yake, anatabasamu.

"Shikamoo baba. Theophil kaja?"

"Marahaba. Kaja, kaondoka. Kashangaa arbuni nafuu, nikamwambia kapanga binti yangu, siongezi hata senti."

Dalia alitaka kulia. Akaeleza yote kwa kigugumizi. Mzee akautazama mzigo uliopangwa mpaka darini.

"Tumpigie, baba?"

"Neno limeshatoka, mwanangu."

Nje, Hussam alikuwa akiegesha gari. Mzee akamsogezea Dalia kompyuta.

"Rekebisha hilo darasa lako. Na kaka yako akiuliza, hiyo arbuni nimeipanga mimi, kwa kichwa changu."