Bakuli la Bati na Maziwa ya Kopo

Fundi wangu wa nguo, pale Manyamanyama mjini Bunda, alisema sitafika wiki ya tatu. Mama ninayenunua kwake samaki Musoma alisema nitaiua mizani yake kabla sijapungua hata robo kilo. Mke wangu alisema kwa upole, huku akinipakulia, kwamba mwili uliojengwa miaka kumi na minne Dar es Salaam haubomolewi kwa miezi sita, kisha akaniuliza kama naongeza mchuzi. Nilisema ndiyo. Mama yangu mzazi, Butiama, aliniambia tu nivue viatu.

Wote hao walisahau wanaongea na nani. Nilitoka Butiama na begi moja la shule. Dar es Salaam nilibeba zege mchana, nikasoma jioni, mpaka nikapata stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, na sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Nimerudi Mara na pikapu yangu, nikajenga Buhare, pale Musoma, nyumba ambayo watu wanakuja kupima madirisha yake ili wakaige. Vyumba vya barafu vya samaki vikigoma, anayeitwa ni mimi. Na nilirudi na tumbo. Sitajifanya kwamba nililionea aibu. Kwetu aliyetoka mbali akarudi mwembamba anaulizwa maswali, aliyerudi na tumbo anapewa kiti. Mimi nimepewa viti vingi.

Kisha daktari akaniambia sukari yangu imesogea mpakani. Alinipa miezi sita nipunguze uzito, isiposhuka tutaanza vidonge. Alieleza kwa adabu na mimi nikaitikia kwa adabu, lakini nilichokuwa nakiona mbele yangu ni mguu wa baba. Baba alikuwa na ugonjwa huohuo. Yeye alipata kidonda kwenye kidole gumba, akakipaka mafuta ya taa akakisahau, na mwisho mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alikuwa mtu wa kutembea na ng'ombe. Miaka mitatu ya mwisho alikaa mlangoni akitazama ng'ombe wa wenzake wakipita. Ndiyo maana mama aliniambia nivue viatu. Alinishika vidole kimoja kimoja, kama anayechagua maharage, halafu akaniambia nivae.

Basi nikaanza kisomi, na msomi anaanza na vifaa. Nilikwenda Mwanza nikarudi na katoni nzima: vidonge vya kutia utamu kwenye chai, biskuti zisizo na sukari, soda zisizo na sukari, siagi ya kopo yenye mafuta nusu, tambi nyeupe za ajabu ambazo pakiti yake ilijisifu kwamba ukizila ni kama hujala, na maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta yote. Nilivipanga kabatini nikatia kufuli ili watoto wasivimalize. Mke wangu alizionja zile tambi akaniambia naweza kuondoa kufuli.

Ugali ukaondoka mbele yangu. Sato wa kuchemsha, aliyekuja mezani bado anatoa mvuke, alipita akaenda kwa wengine. Mimi nilibaki na tambi zangu, nikieleza familia mambo ya kalori. Saa saba nilikula, saa tisa nilikuwa nimesimama kwa jirani wa karakana nikitafuna karanga zake. Biskuti nilikula pakiti nzima kwa mkupuo, kwa hoja kwamba hazina sukari. Chai ilikuwa na utamu unaobaki nyuma ya ulimi kama dawa ya malaria, kwa hiyo nilikunywa vikombe viwili, cha pili nikitafuta kilichokosekana kwenye cha kwanza.

Kupima uzito nilipima mwaloni, samaki wanaposhushwa kutoka ziwani. Mizani ya bafuni inambembeleza mwenye nyumba, ya samaki haimjui mtu. Yule mama muuza samaki ana mizani kubwa ya kusimamia, na alikubali kuniazima kila Jumamosi asubuhi kwa sharti.

"Sitaki hela yako, fundi," alisema. "Ukishuka kilo kumi na tano utanitengenezea friza langu. Usiposhuka, utalitengeneza vilevile."

Siku ya kwanza nilikuwa kilo mia moja na kumi na mbili. Baada ya mwezi mzima wa tambi na vidonge, nilipanda na kifua mbele. Aliinama, akasoma, akageuka kwa wenzake bila kupaza sauti.

"Sangara wetu kaongezeka kilo mbili," akawaambia. "Msimu mzuri huu."

Jumapili hiyo nilikwenda Butiama na kopo langu la maziwa chini ya kwapa. Mama alikuwa amepika ugali wa mtama na muhogo, na samaki, na pembeni maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa. Nilimshukuru, nikausogeza kando ule mgando, nikaomba maji ya moto. Nikakoroga unga wangu mbele yake. Nimefanya makosa machache maishani, na hilo ni mojawapo. Mwanamke huyo alinilea kwa maziwa ya ng'ombe aliowakamua kwa mikono yake, na mimi namwekea kopo mezani kwake.

Hakukasirika. Aliomba aonje. Alikaa na lile funda mdomoni kwa muda, akameza.

"Huyu ng'ombe alikuwa anaumwa nini?"

Nilimweleza, kwa kirefu, kama ninavyoeleza wateja, kwamba kuna mashine zinaondoa mafuta yote, na mafuta ndiyo yanayoninenepesha, na kinachobaki ni chepesi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria. Asubuhi ile alikuwa amesukasuka kibuyu cha maziwa. Siagi alishaitoa, iko kwenye kisahani, na kwenye sufuria yalikuwa maziwa yaliyobaki, meupe ya kukaribia kuwa maji.

"Kinachobaki si hiki?" akasema. "Sisi tunampaga mbwa."

Nilikunywa. Yalikuwa machachu, mepesi, yenye harufu ya moshi anaofukizia kibuyu. Mimi, mwenye stashahada, nilikuwa nimesafiri hadi Mwanza kufuata kitu ambacho mbwa wa kwetu anakipata kila asubuhi kikiwa bora zaidi. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, na mimi nikacheka, na mbwa aliyesikia sufuria ikiguswa akaja akasimama mlangoni.

Alipomaliza kucheka alisema jambo ambalo daktari hakulisema.

"Hukunenepa kwa ugali wangu, baba. Ulinenepa kwa kuongezewa."

Alikwenda kwenye kichanja cha vyombo akaleta bakuli la bati lenye ukingo wa bluu uliobanduka. Nililitambua kabla hajalifikisha. Lilikuwa langu nikiwa darasa la pili. Nyumbani kwetu kila mtoto alikuwa na bakuli lake, na sheria ilikuwa moja: ukimaliza, unaliosha mwenyewe na kulipindua kwenye kichanja. Bakuli likishapinduliwa hata baba hakuweza kukuongezea. Tulikuwa saba, na bila sheria hiyo wa mwisho angelala njaa. Sijui ni lini niliisahau. Nadhani ni siku ile nilipopata mshahara wa kwanza, nikakaa hotelini nikaagiza sahani ya pili kwa sababu tu hapakuwa na wa kunizuia.

Mama aliniambia nile chakula cha watu, ugali, samaki, mboga, hayo maziwa mepesi kama nayataka, lakini ugali uishie kwenye bakuli. Nikimaliza nilipindue. Na akanionya kwamba ameniazima tu, wajukuu wanalitumia.

Sikuvitupa vyote vya kabatini, mimi si mtu wa kupoteza. Soda zile bado nabeba harusini, maana harusini ukiomba maji utaulizwa kila dakika kama una tatizo. Vidonge niliviacha, nikanywa chai bila utamu wowote, na baada ya wiki mbili nikaanza kusikia ladha ya majani yenyewe. Tambi niliwamwagia kuku. Kuku wakazizunguka wakaenda zao.

Ilikuwa kazi. Usiku wa kwanza nilipopindua bakuli, nilikaa nikilitazama kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Mke wangu alinitazama, akamaliza sahani yake, akaenda kuiosha, akaipindua kando ya bakuli langu. Alifanya hivyo kila siku kwa miezi mitano, na mchuzi hakuniuliza tena. Mara moja nilianguka, kule kijijini Kisorya: nilikwenda kutengeneza mashine ya barafu, wenyeji wakaniandalia sato wawili na wali, bakuli likiwa kwenye pikapu, nami sikwenda kulichukua. Jumamosi mizani ilinisemea.

Suruali zangu zilipoanza kunivuka kiunoni nilizipeleka Bunda zipunguzwe. Fundi alizishika, akazipapasa, akazirudisha.

"Wallahi sikati kitambaa kizuri cha mtelezo kama hiki kwa njaa ya mwezi mmoja. Utanenepa urudi kunilaumu."

Akafungua sanduku la suruali ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, akaniazima moja. Mwezi uliofuata nyingine ndogo zaidi, na baadaye ya tatu. Kwa hiyo mimi, mwenye nyumba Buhare, nilitembea Musoma nzima na suruali za watu nisiowajua. Watu wakaanza kumuuliza mke wangu pembeni kama kazi zangu zimekauka, au kama nimepima damu. Aliwajibu kwamba nakula kwenye bakuli la mtoto. Wakazidi kumwonea huruma.

Miezi sita ilipotimia daktari alitazama majibu mara mbili, akasema sukari imerudi mahali pake, vidonge havihitajiki, nirudi kupima tena mwakani. Nilitoka pale nikaamua siku hiyohiyo nirudishe vya watu vyote.

Nilianzia mwaloni. Mizani ilisoma tisini na sita, na yule mama akasoma tena kwa kidole. Nililitengeneza friza lake palepale, nikalisikia likianza kuunguruma. Alisema sangara wa namna hii hauziki tena, akanifungia sato kwenye gazeti. Bunda nilimkabidhi fundi suruali tatu, zimefuliwa na kupigwa pasi. Alinizungushia futi kiunoni, akaisoma, kisha akavuta suruali yangu ya mtelezo niliyokuja nayo, akaikata. Mkasi wake ulikuwa ndilo jibu nililokuwa nalisubiri.

Butiama nilifika jua likiwa bado juu. Mama alipokea sato, akapokea bakuli, akaligeuza kuangalia kama nimelibandua zaidi. Nilianza kumweleza habari za daktari, namba zangu zote, na nilikuwa nimeziandaa vizuri. Alinikatiza.

"Vua viatu."

Nilivua. Alikaa chini kwenye mkeka, akashika mguu wa kushoto, akaurudisha, akashika wa kulia. Huo alikaa nao muda mrefu. Alipitisha kidole chake chini ya goti, pale pale, bila kunitazama. Kisha akaninyanyulia viatu vyangu, akanivalisha kimoja yeye mwenyewe, kama siku za shule.

Alipika yule sato. Mimi nilikula kwenye bakuli kwa mara ya mwisho, nikaliosha, nikalipindua kwenye kichanja lilikokuwa.