Panya wa Profesa Barke

Chuo kimeutangazia umma, kwa herufi nzito, kwamba hakuna panya aliyetoka, anayetoka wala atakayetoka katika maabara yake ya Changamwe, na kwamba panya wote wanaoonekana mitaani ni wa mitaani.

Profesa Mshiriki Barke aliisoma taarifa hiyo mara mbili, huku amekitazama kizimba kitupu.

Ujana wake wote ulikwisha akichunguza jinsi ubongo unavyojifunza kutarajia. Ng'ambo alikosomea walitumia kengele ya umeme. Ya hapa iliharibika, chuo kikaahidi nyingine inshallah, naye akanunua vikombe viwili vya kahawa, akawa anavigonganisha kama wafanyavyo wauza kahawa. Panya wake weupe wakiusikia mlio huo huja mbio, huketi wima na kungoja chembe ya kashata. Mamake, huko Jomvu Kuu, aliuliza kama alipelekwa Ulaya kwenda kuwanywesha panya kahawa.

"Si kahawa, mama. Ni kashata."

"Haya. Afadhali."

Sasa alikuwa akingoja uprofesa kamili, na kama ingejulikana kuwa panya ametoroka, maabara ingefungwa.

"Fidel, hiki kizimba ulikifunga?" alikuwa amemuuliza fundi wake siku panya alipokosekana, kabla ya taarifa.

"Nilifunga, Prof. Ama ni wewe ulifungua?"

Tangu hapo kila mmoja akawa anahesabu funguo za mwenzake. Dakta Musyoka, mkuu wa idara, aliyekitaka chumba kile kiwe ukumbi wa mikutano, alipita "kusalimia tu", macho vizimbani.

"Wametimia?"

"Wametimia, alhamdulillahi."

Musyoka hakumwamini hata kidogo. Lakini kutoroka kwa panya kungekuwa aibu ya idara, na idara ni yake. Ndipo akaitia sahihi taarifa ile.

Jioni ya siku ilipotoka taarifa, Barke alirudi kwao. Penye baraza la Mzee Abdulghani, muuza kahawa, alimkuta Musyoka ameshika kikombe. Alidai alikuwa akipita njia. Jomvu Kuu si njia ya kwenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Profesa. Karibu." Abdulghani akaweka dele la kahawa chini, akagonganisha vikombe.

Panya mweupe akatoka mtaroni, akaja mbio, akaketi wima mbele yake.

Musyoka akamtazama Barke. Barke akamtazama Musyoka.

"Wa mtaani huyo," akasema Barke.

"Ndivyo taarifa inavyosema," akajibu Musyoka, taratibu.

"Wa mtaani kabisa," akasema Abdulghani, akimmegea kashata. "Ila wenziwe wa mtaani nikigonga hunikimbia."