Mrija wa Wakwe na Rufaa Yangu

Watu wa nyumbani walisema nitashinda rufaa bila wakili siku ile ng'ombe wa Nyansiongo watakapojikama wenyewe. Baba mdogo aliongeza la kwake: "Diploma yako ni ya magari, mwanangu. Kule kortini hakuna injini ya kufungua." Lakini ni yeye aliyetoa hati ya shamba lake la Marani iwekwe kortini kama dhamana, nisikae jela nikingoja rufaa. Nikitoroka, shamba lingekwenda. Nikishindwa, ningekwenda mimi, miezi sita.

Yote yalianzia kwa wakwe wa dada yangu, karibu na Kenyenya. Wazee walizunguka chungu cha busaa, pombe ya nafaka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mimi ni Msabato, na miaka saba niliyotengeneza magari Uarabuni sikugusa kileo. Lakini mzee mmoja alipopangusa ncha ya mrija kwa kiganja na kuninyooshea, wote waligeuka kunitazama. Kukataa kungeitwa majivuno ya pesa za ng'ambo, na dada yangu ndiye angebaki akisimangwa. Nilivuta mara mbili. Alasiri hiyo, nikirudi na gari langu, afisa kwenye kizuizi cha polisi alinusa pumzi yangu, akanikamata. Hawakuwa na kipimo cha kileo.

Kesho yake hakimu aliniuliza kama nataka mkalimani wa Ekegusii. Nilikataa. Mtu aliyejadiliana na Waarabu juu ya giaboksi atatafutiwa mkalimani? Niliposomewa shtaka la kuendesha gari nikiwa mlevi, nilijibu kwa sauti ya kujiamini: "Ni kweli nilikunywa, lakini gari niliendesha sawasawa."

Nilidhani nimejitetea. Hakimu aliandika kwamba nimekiri. Leseni ikafutwa, nami nikapandishwa gari la magereza.

Nililala ndani siku kumi na moja. Rufaa niliiandika humo humo, kwa mkono, kabla siku kumi na nne za sheria hazijaisha. Dhamana ilipokubaliwa nilipata nakala ya mwenendo wa kesi, nikaisoma kama ninavyosikiliza injini yenye hitilafu, mstari kwa mstari, hadi nikaipata. Kunywa peke yake si kosa. Kosa ni kulewa hata ushindwe kulimudu gari, na hilo nilikuwa nimelikana. Tena maelezo ya tukio hayakusomwa, wala sikuulizwa kama nayakubali. Baada ya jibu langu ilifuata hukumu.

Siku ya rufaa, mjini Kisii, nilivaa koti la mwalimu jirani, limenibana makwapani. Baba mdogo alikaa benchi la nyuma, kofia magotini. Jaji alifunua karatasi zangu taratibu, kisha akavua miwani.

"Mrufani, siku hiyo ulikunywa au hukunywa?"

Nilisikia baba mdogo akikohoa. Uongo ulikuwa karibu sana mdomoni.

"Nilikunywa, Mheshimiwa. Lakini mpaka leo hakuna aliyenisomea niliendesha vipi."

Jaji alimgeukia wakili wa serikali. Yule alipekua faili lake mbele na nyuma, akakiri kwamba maelezo hayakusomwa na kipimo hakikuwapo. Hakuomba kesi ianze upya. Jaji aliandika kwa muda mrefu, nami nilishika ukingo wa kizimba. Hatimaye alisoma: hukumu imefutwa, leseni irejeshwe. Akaniangalia na kusema nisidhani mahakama imebariki mrija.

Wiki iliyofuata nilimrudishia mwalimu koti, limefuliwa na kupigwa pasi. Nikampeleka baba mdogo kortini kwa gari langu mwenyewe. Alitia sahihi, karani akampa hati ya shamba. Aliikagua kurasa zote, akaikunja, akaitia ndani ya shati.

"Kumbe kule kulikuwa na injini," alisema. "Na wakwe wakikuita tena?"

"Nitakwenda, baba mdogo. Lakini utaendesha wewe."

"Mimi sijui kuendesha."

"Basi tutakwenda kwa miguu."

Sasa sikuwa na cha mtu: koti na hati vilikuwa vimerudi kwa wenyewe.