Keki ya Mkanda wa Chungwa

Usiku ule nililala na ladha ya krimu mdomoni. Nilikuwa nimesukutua mara tatu, nikapiga mswaki, nikatafuna karafuu, na bado ile krimu imenikaa kooni inanichefua. Krimu ya rangi ya chungwa, astaghfirullah. Nani kasema keki itengenezwe ifanane na mkanda wa judo?

Kasema baba yake Raya. Mtu mkarimu, simsengenyi, ndiye aliyetuletea magodoro mapya ya mazoezi pale klabuni. Raya ni mwanafunzi wangu, ana miaka kumi na moja, na mchana wa siku ile alikuwa na mtihani wa mkanda. Mtihani haujaanza, keki iko mezani, imeandikwa "Hongera Raya". Yaani jibu limekuja limeshaokwa! Na mimi, Zuhura, mwalimu mzima mwenye mkanda mweusi kiunoni, nikaiangalia ile keki nikaona haya kuiharibu.

Kwetu kwenye judo mtoto hapandi mkanda kwa pupa. Anaanza mweupe, halafu mweupe wenye mstari wa manjano, halafu manjano kamili, halafu manjano wenye mstari wa chungwa, hivyo hivyo nusu nusu, haba na haba hujaza kibaba. Mtu mzima hana hizo nusu, anapanda rangi nzima nzima, lakini yeye anabanwa zaidi: anakabwa shingo, anapindwa mkono, mambo ambayo mtoto hafanyiwi. Akitaka mweusi anatahiniwa na walimu wageni wasiomjua hata jina. Lakini mkubwa na mdogo wote wanapita mlango mmoja, nao ni kuanguka. Kabla hujamwangusha mwenzio, tuonyeshe unavyoanguka wewe. Kidevu kifuani, mkono upige godoro ubavuni. Usiupeleke nyuma kuizuia ardhi. Ukiupeleka nyuma, kiwiko kinavunjika.

Raya anaupeleka nyuma. Nilimwona siku ile, mara ya kwanza na mara ya pili, na niligeuza uso nikajifanya naandika. Ilipofika zamu ya kumwangusha mwenzake, nilikuwa nimeshamnong'oneza yule binti aliyesimama naye: "Mrukie." Maana yake Raya akimshika tu, yeye ajirushe mwenyewe, ionekane ameangushwa. Akajirusha. Wageni walioalikwa na baba yake wakapiga makofi, simu zikainuliwa, na mimi nikatia saini. Kisha nikapewa kisu nikakata keki, nikalishwa kipande kwa mkono wa mtoto mwenyewe, nikameza. Nilijionea kinyaa, wallahi.

Na Jumamosi inayofuata kuna mashindano. Angebaki na manjano yake yenye mstari angecheza na wanaoanza, wanaoshikana na kusukumana tu. Kwa mkanda wa chungwa anaingia kundi la watoto wanaorusha kwelikweli. Hilo nililijua nikiwa na kalamu mkononi.

Basi nikalala. Na katika kulala huko nikajikuta niko kwenye ghala la zamani la mbata, pale tulipofundishwa sisi. Ni mchana, jua linapita kwenye matundu ya bati. Chini ni lile turubai letu lililoshindiliwa unga wa mbao, na harufu yake ni ile ile ya jasho na nazi iliyoharibika. Mwalimu Makame amekaa nyuma ya meza ya mtihani. Mwalimu Makame tulimzika mwaka wa tatu sasa, nami nilikuwepo. Ndiye aliyenifunga mkanda wangu wa kwanza, baada ya kunikatalia mara mbili. Mara ile ya pili mama yangu alikuja na sahani ya vitumbua kusherehekea. Mwalimu akala viwili, akamshukuru vizuri, akamwambia, "Zuhura atarudi mwezi ujao." Mama aliondoka bila kumuaga.

Mle ghalani hanisalimii. Mkanda wake mweusi umechakaa hadi unaonyesha nyuzi nyeupe za ndani, kama ulivyokuwa. Mbele yake iko keki ya Raya.

"Kata," ananiambia.

Nikashika kisu nikakata, na kisu hakikuzama, kilikwama kwenye kitambaa. Napasua ile krimu, na ndani hamna keki. Ndani mna mikanda, imekunjwa imelowa, ina ukungu, imegandana na nywele na kucha za miguuni. Harufu ikanipiga hadi machozi yakanitoka. Na wale wageni wa mchana wako nyuma yangu na simu zao, wanacheka, wanasubiri.

"Kula."

"Mwalimu, hiki hakiliki."

Akanisogezea keki. Nikala. Loo, kinyaa gani kile! Kitambaa kinajaa mdomoni, kinalowa, kinavimba, natafuna hakitafuniki. Uzi mmoja ukanishuka kooni. Nikaukamata kwa vidole nikauvuta, ukaja, nikauvuta tena, ukaja tena, wa rangi ya chungwa, kisha wa manjano, kisha mweupe, na hauna mwisho, na kila ninavyovuta nasikia tumbo linafuata. Wageni wanapiga makofi. Nataka kuwatapikia miguuni, na nisingeona haya hata kidogo. Lakini kilichonichefua zaidi ni kwamba mkono wangu mwingine ulikuwa bado unatia saini.

Nilipoinua macho hawapo. Hata meza haipo. Mwalimu amesimama karibu yangu, mrefu sana, kwa sababu mimi nimekuwa mdogo. Nguo ya judo niliyovaa inanipwaya, mikono imefunika vidole, ni ile niliyorithi kwa kaka yangu.

"Ulimwona?" anauliza.

"Mwalimu, keki ilikuwa tayari ime..."

"Sikukuuliza keki."

Unga wa mbao unateleza chini ya turubai, ninausikia kwenye nyayo.

"Nilimwona," nikasema.

Akanishika ukosi wa nguo na mkono mmoja wa nguo, polepole, kama alivyotushika sote tukiwa watoto, na nikajua anakwenda kuniangusha. Mimi! Miaka yote hii naanguka kila jioni mbele ya watoto, naanguka huku nazungumza. Naondoka chini, bati linapita, na ninaona mkono wangu mwenyewe unakwenda nyuma. Nauambia rudi, haurudi. Unaitafuta ardhi. Ukaipata, na kitu kikalia, mlio mdogo tu, wa kuni kavu.

Sikuhisi maumivu. Nikageuka, na aliyelala chini si mimi, ni Raya. Tuko juu ya magodoro mapya ya baba yake, kwenye ukumbi wa mashindano, ukumbi mtupu. Mkono wake umekunjika upande usiokunjika. Halii. Ananitazama, ananyanyuka taratibu, ananipa mkanda wake kwa mkono ule mzima.

"Mwalimu, nifunge. Peke yangu siwezi."

Napiga magoti, namfunga. Mkanda unalegea, unaanguka. Namfunga tena, nakaza fundo, unaanguka. Una krimu, vidole vyangu vinateleza, na kila unapoanguka yeye anasimama vile vile kunisubiri, kwa adabu zote, kama nilivyomfundisha. Nikaanza kulia kwa hasira. Nilijichukia hadi nikatamani anipige.

Mwalimu Makame akachutama pembeni yetu. Akatema mate chini. Mwalimu ambaye maisha yake yote alimtoa nje mtu kwa kutema mate ukumbini, alitema yeye, mbele yangu, na nilijua ametemea ile saini yangu.

"Mkanda haumshiki mtu akianguka," akasema. "Nenda kamvue."

Nikazinduka. Kwa mbali adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Nimelala chali, mkono wangu wa kulia uko nyuma ya mgongo, nimeulalia, umekufa ganzi mpaka bega. Nikauvuta kwa mkono wa pili kama mzigo wa mtu mwingine. Nilikimbilia bafuni nikatapika, na namshukuru Mungu kilitoka nilichokula, si uzi.

Nikaswali, nikavaa buibui, nikatoka bila chai. Njiani nilijipangia maneno mazuri mazuri, kwamba kuna kosa dogo la kiutaratibu, kwamba walimu tumekaa tukaonelea. Pumbavu! Walimu gani? Mimi peke yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi ni yangu na kifo kingekwenda kwa mtoto wa watu.

Baba yake Raya akafungua mlango, kajifunga msuli wake wa kulalia kiunoni. "Karibu Mwalimu. Kheri? Asubuhi yote hii?"

"Kheri. Nimekuja kumvua Raya mkanda," nikasema. "Hakufaulu. Nilimfaulisha mimi, na nilijua. Hajui kuanguka bado, na Jumamosi atavunjika mkono."

Niliona uso wake unapitia mshangao, unaingia kwenye ghadhabu. "Mwalimu, watu wote walikuja! Umeshika kisu mwenyewe ukakata keki. Ulikuwa wapi kusema jana?"

"Nilikuwa nakula," nikamwambia.

Akafungua mdomo anijibu, lakini nyuma yake pazia likasogea. Raya ametoka na nguo za kulalia, na ule mkanda ameukunja vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, ameubeba kwa mikono miwili. Sijamwita. Hakuna aliyemwita. Akapita chini ya kwapa la baba yake akanipa.

"Mimi nilijua niliweka mkono nyuma," akasema, kwa sauti ndogo. "Nilidhani hukuniona."

"Nilikuona, mwanangu," nikasema. "Vaa nguo zako za judo. Tunaanza na kuanguka."